Dokta, vifaranga wanahara damu na dawa nimeshawapa, nifanyeje?

Shikamoo Dokta,

Pole na majukumu. Naomba unisaidie maana hapa nilipo hata usingizi sipati. Nina vifaranga wa mayai kama mia mbili hivi, niliwachukua wakiwa wa siku moja, wazima, wamechangamka, chanjo wamepata zote kwa ratiba na wiki za mwanzo mambo yalikuwa safi kabisa, walikuwa wanakufa mmoja mmoja tu wale dhaifu ambao kila mfugaji anawapata. Walipoingia wiki ya nne bruda, ile sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, ikawa imewabana nikawahamishia banda kubwa, upande mmoja wa wavu wapo kuku wangu wakubwa wanaotaga na upande wa pili nikawaweka wao, maranda ya kundi lililopita yalikuwepo na yalionekana bado mazuri tu kwahiyo nikaongezea mapya juu yake.

Basi wiki moja na kidogo mbele nikaanza kuona wengine wamejikunja, manyoya yamesimama, mabawa yanaburuza, macho wamefumba, wanajikusanya chini ya taa wakati joto lipo la kutosha. Chakula wakawa hawagusi. Kinyesi kwanza kilikuwa cha majimaji rangi ya kahawia, kesho yake asubuhi nafungua banda nakuta damu kwenye maranda, damu kabisa Dokta, na vifaranga wanne wamelala chali. Nikakimbia duka la dawa za mifugo nikaeleza, jamaa hata hakuuliza umri wao akanipa antibayotiki ya unga ile ya njano akasema hiyo inatibu kuhara kwa aina zote. Nimewapa kama alivyoelekeza na wanaendelea kufa, leo tena nimetoa kadhaa.

Sasa kila mtu ana lake. Kaka yangu ambaye tumechanga hela anasema waliotuuzia vifaranga ndo walituuzia wagonjwa, twende tukawadai. Jirani anayefuga anasema yeye huwa anawapa dawa ya salfa kila wiki wawe wanaumwa wasiwe wanaumwa na hajawahi kupata hiyo shida. Mwingine kaniambia siki na kitunguu saumu vinatosha. Na mama ameshapiga marufuku watoto kusogea bandani na mayai ya wale wakubwa hataki hata kuyaona jikoni.

Naomba uniambie dawa ya kweli ni ipi na dozi yake, na je hawa watakaopona watakuja kutaga au nawalisha bure? Na nikileta kundi lingine si litakufa hivi hivi?

Mfugaji niliyechanganyikiwa

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, nilivyofika kwenye damu na yale maranda ya zamani nikajua tunaongelea nini. Hiyo ina kila dalili ya koksidiosisi, ile wafugaji wanaita kuhara damu, na kwa umri wa vifaranga wako na mahali ulipowahamishia ningeshangaa ingekuwa kitu kingine. Ila nimesema ina dalili, sijasema ndiyo, maana sijamuona kifaranga hata mmoja. Kwahiyo kabla hujaendelea kusoma, kama kuna aliyekufa leo usimtupe, tutamhitaji huko mbele.

Naanza na dawa sababu wanakufa sasa hivi, lawama zitasubiri.

Hiyo ya njano haiui hivi vijidudu. Koksidia sio bakteria wala virusi, ni protozoa, kitaalamu wanaitwa Eimeria, wanaingia ndani ya seli za ukuta wa utumbo, wanazaliana humo humo na wakitoka wanaipasua seli, ndo hiyo damu unayoiona kwenye maranda. Antibayotiki inaweza kusaidia kama kuna bakteria waliodandia utumbo ulioshaharibika, na hilo hutokea sana tu, ila mwenye kesi mwenyewe haguswi. Na huyo aliyekuuzia bila hata kuuliza umri, basi tu, tuyaache.

Dawa ya kuanzia ninayoipendelea kwa vifaranga ni amproliamu. Inauzwa kwa majina mengi ya biashara kwahiyo usitafute jina la pakiti, geuza pakiti usome kilichomo ndani na kwa asilimia ngapi, maana ipo ya unga wa asilimia 20 na ipo ya maji yenye nguvu kama nusu ya hiyo, na ukichukua kipimo cha moja ukakipeleka kwa nyingine umewapa nusu dozi au mara mbili. Kama ni unga wa asilimia 20, kipimo cha kawaida ni gramu 6 kwa lita 10 za maji ya kunywa kwa siku 3 mpaka 5, na hali ikiwa mbaya kama yako unaenda gramu 12 kwa lita 10. Halafu hapo ndo watu wengi wanaachia njiani, damu ikikatika wanafunga pakiti, wakati inabidi ushuke uendelee na gramu 3 kwa lita 10 kwa wiki moja mpaka mbili ili usiwape wale vijidudu waliobaki nafasi ya kurudi. Pima kwa mizani ndogo, kijiko hakina gramu maalum, kijiko changu na chako vinaweza kupishana sana.

Hayo maji ya dawa ndo yawe maji pekee wanayoyaona, toa vyombo vingine vyote, ziba na bomba linalovuja pembeni, na uchanganye mapya kila siku, ya jana mwaga. Nakwambia uweke kwenye maji na sio kwenye chakula sababu kifaranga mgonjwa anaacha kula mapema sana ila kunywa anaendelea endelea kidogo. Wale walioshalala hawawezi hata kunyanyuka, hao watenge kwenye boksi lenye joto na maranda makavu, uwe unawachovya mdomo kwenye maji ya dawa au unawadondoshea pembeni ya mdomo kwa sirinji isiyo na sindano, tone tone, usimiminie maana yataingia kwenye mapafu utamuua mwenyewe.

Kitu kimoja watu wanakosea bila kujua: wakianza amproliamu wanaweka na vitamini kwenye maji hayo hayo, wanasema wanamuongezea nguvu. Amproliamu inafanya kazi kwa kujifananisha na vitamini B1, kile kijidudu kinaimeza kikidhani kimepata B1 kumbe kimepata kivuli, sasa wewe ukimwaga B1 ya kweli kwenye maji yale yale unakilisha kijidudu. Maliza dozi kwanza, halafu ndo ulete vitamini. Hapo A na K ndo zina kazi zaidi, A kwa ajili ya utumbo kujijenga upya na K kwa ajili ya damu kuganda.

Kama amproliamu hujaipata, au umeipata ukaitumia kwa kipimo sahihi siku tatu nzima na bado unaona damu mpya, uliza toltrazurili ya maji ya asilimia 2.5. Hiyo ni mililita 1 kwa lita 1 ya maji kwa saa 48 mfululizo, au mililita 3 kwa lita 1 kwa saa 8 kwa siku, siku mbili. Ni dawa kali na nzuri, inawapiga wale vijidudu kwenye hatua karibu zote wakiwa ndani ya utumbo. Ila usiichanganye na siki wala kitu chochote chenye asidi, itaganda chini ya chombo na vifaranga watakunywa maji matupu. Na usiwape kuku wanaotaga mayai ya kula, wala wanaokaribia kutaga zikiwa zimebaki kama wiki sita. Wako bado wadogo kwahiyo hapo uko salama, ila wale wakubwa wa upande wa pili wasiyaguse hayo maji.

Sasa mlete huyo aliyekufa. Kama kuna daktari wa mifugo unayeweza kumfikia mpelekee mzima mzima ndani ya mfuko, akiwa bado hajaanza kuoza, na aangalie kinyesi kwa darubini pia, hiyo ndo njia ya uhakika. Kama hakuna, vaa glavu umpasue mwenyewe. Laza chali, kata ngozi ya tumbo taratibu, vuta utumbo nje uufuate mpaka mwishoni pale unapokutana na utumbo mpana, utaona mifuko miwili mirefu imechomoza pembeni kama vidole. Kwa kifaranga mzima inakuwa myembamba na ndani ina kitu cha rangi ya kahawia. Kwa kifaranga aliyeuawa na Eimeria tenella inakuwa imevimba, imekuwa nyekundu iliyoiva mpaka unaiona kabla hata hujaipasua, ukiikata inatoka damu, na kama ameugua siku mbili tatu zaidi unakuta bonge gumu limejaa humo, damu iliyoganda imechanganyika na nyama za utumbo zilizobanduka. Ukiona hivyo huna haja ya kubishana na mtu.

Ukikuta mifuko hiyo iko safi, bado usishangilie, maana kuku ana aina saba za Eimeria na kila moja ina sehemu yake ya utumbo inayoipenda, nyingine hazitoi damu kabisa, kifaranga anakonda tu na kupauka. Ila kwa umri huu na vifo vya haraka hivi nitataka pia uangalie misuli ya mapaja na kifua, ikiwa na michirizi ya damu ndani ya nyama na kinyesi cha wengine ni cheupe cheupe, fikiria Gumboro, ugonjwa wa virusi, ambayo inakuja kwenye wiki hizi hizi za tatu mpaka sita, na hata waliochanjwa wanaweza kuipata kama chanjo ilikaa kwenye joto. Na mbaya zaidi Gumboro inashusha kinga halafu koksidia inapita humo humo, unakuta yote mawili kwa pamoja. Kinyesi cha kijani na shingo kupinda ni habari nyingine, huo ni mdondo, kimbilia daktari.

Haya, tuje kwenye banda, na hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko hata kwenye dawa, maana dawa itamsaidia kifaranga wa leo ila kinachowaua kiko chini ya miguu yao.

Kifaranga anayeumwa anatoa kwenye kinyesi mayai madogo sana ya hao vijidudu, hayaonekani kwa macho, na yakitoka tu hayana uwezo wa kuambukiza kuku yeyote. Yanahitaji vitu vitatu ili yaive: unyevu, joto na hewa. Yakipata hivyo, siku moja mpaka mbili yameiva, na ndani ya kila moja kuna vijidudu nane vinasubiri kumezwa. Kifaranga anadonoa maranda, na wewe unajua vifaranga hawakai bila kudonoa, anameza, na kama siku 4 mpaka 7 baadae na yeye anaanza kumwaga mengine kwa maelfu na maelfu. Sasa piga hesabu yako mwenyewe: uliwahamisha, wakaanza kudonoa maranda ya zamani, wiki moja na kidogo mbele damu. Haikuwa bahati mbaya, ni muda kamili wa huyo kijidudu kuzunguka.

Yale maranda ya juu uliyoongezea yalikuwa shuka tu. Kifaranga anaparua, siku mbili ameshafika chini. Na kundi lililopita hata kama halikuonyesha dalili liliacha mayai humo, na yanakaa miezi mingi kama kuna kaunyevu. Ongezea na wale wakubwa upande wa pili wa wavu, wazima kabisa, wanataga vizuri, kumbe wanatoa hayo mayai kidogo kidogo kila siku bila kuumwa sababu wao kinga walishajenga, wakiparua maranda yanarukia upande wa wadogo, na wewe unaingia kwa wakubwa unakusanya mayai halafu kwa viatu vile vile unaenda kuwawekea wadogo maji.

Leo nenda kwenye kinyweo. Zunguka chombo cha maji uangalie maranda yaliyokizunguka, najua utakuta yameshikana yamekuwa gamba, chomeka kijiti ulinyanyue hilo gamba, chini yake utakuta pameloa, pana joto, na harufu itakupanda puani mpaka macho yawashe. Hapo ndo kiwanda. Ondoa hayo magamba yote leo hii, yatoe nje mbali na banda uyachome au uyafukie, weka makavu, na kila siku rudia kwenye kila sehemu iliyoloa, usisubiri Jumamosi ya usafi maana kumbuka ndani ya siku mbili yameshaiva. Sehemu nyingine za banda chota maranda mkononi uyabane, ukifungua kiganja yakibaki donge yana maji mengi, inatakiwa yaachane achane yenyewe.

Halafu nyanyua kinyweo kiwe usawa wa mgongo wa kifaranga, kila wiki unapandisha kadiri wanavyokua, kiwe juu ya kichanja cha wavu ili yanayomwagika yadondoke chini wasikoweza kukanyaga wala kudonoa. Wanaotumia vinyweo vya chuchu (nipo) wanapata nafuu kubwa kwenye hili. Chakula usikimwage chini hata kidogo. Fungua hewa ipite juu ya vichwa vyao bila kuwapuliza moja kwa moja, watu wengi wanaziba banda lote kwa maturubai wakiogopa baridi, unyevu wa pumzi na kinyesi unabaki ndani, asubuhi maranda yanatoa jasho. Na kama wamebanana wapunguze, banda likijaa hakuna maranda yatakayobaki makavu hata ukibadilisha kila siku.

Kwenye wavu weka ubao au bati chini, urefu wa kuzuia maranda yasiruke. Anza kazi na wadogo kila asubuhi halafu ndo uende kwa wakubwa, na viatu vya kila upande viwe vyake, vibaki mlangoni.

Tuje kwa kaka yako. Mwambie hela ya kwenda kudai aiweke kwenye maranda mapya. Koksidia haipiti kwenye yai, kifaranga anatoka kwenye ganda hana hata kijidudu kimoja cha hawa, anawaokota chini mahali anapoishi. Kuna magonjwa kweli yanatoka kwa mama kupitia yai, kama ule wa kuhara kweupe, ila huo unaua sana wiki mbili za mwanzo na nyinyi wiki za mwanzo mlikuwa vizuri. Waliowauzia vifaranga hawahusiki hapa.

Jirani na salfa yake ya kila wiki, hapana jamani. Naelewa anavyofikiria, ameona haijamtokea akasema ni dawa. Ila salfa kwa vifaranga ina mpaka mwembamba kati ya kutibu na kudhuru, ikizidi inaharibu figo na inaleta kuvuja damu ndani kwa ndani, yaani dalili ile ile unayoikimbia, na siku ya joto kali kuku anakunywa maji mengi kuliko kawaida kwahiyo anajizidishia dozi mwenyewe bila wewe kujua. Pili, dawa ya kila wiki inawafundisha vijidudu kuizoea, siku ikitokea kweli anabaki mikono mitupu. Na tatu, hao kuku hawapati nafasi ya kujenga kinga. Kinga ya koksidia inajengwa kwa kuokota vijidudu wachache wachache kwenye maranda makavu mpaka mwili unawajua, ndo maana vifaranga waliolelewa juu ya wavu mpaka wiki ya tano sita, wasafi kabisa, wakishushwa chini ghafla wanaanguka vibaya kuliko waliokua kwenye maranda tangu mwanzo.

Kinga ya dawa ipo na ina utaratibu wake. Kuna chakula cha vifaranga kinachotengenezwa tayari na dawa ya kuzuia koksidia kwa kiwango kidogo, unakianza siku ya kwanza, na usikichanganye na pumba au nafaka yako maana unapunguza hiyo dawa mpaka inakuwa haina kazi. Soma mfuko ujue kilichomo. Na kama unafuga punda au farasi, weka huo mfuko mbali nao kabisa, baadhi ya dawa hizo kama monensini zinaua punda na farasi kwa kiwango ambacho kuku hakimfanyi chochote. Njia ya pili ni chanjo ya koksidia, ipo, wanapewa wakiwa wa siku moja, ni vijidudu hai wachache wanaofundisha mwili. Ukichagua chanjo basi chakula chenye dawa na amproliamu uviweke pembeni kipindi hicho, ukichanganya unaua chanjo yako mwenyewe kwa hela yako. Chagua moja.

Siki na kitunguu saumu sina ugomvi navyo, kwa kuku wazima mpe ukipenda. Ila kifaranga anayehara damu hana muda wa kujaribiwa, Eimeria tenella inaweza kumuua siku ya tano au ya sita tangu ameze. Na nikwambie kwanini watu wanaapa kabisa kwamba hivyo vitu vinatibu: huu ugonjwa kwa kuku mmoja mmoja una mwisho wake, vijidudu wakimaliza mizunguko yao wanatoka, asiyekufa anapona mwenyewe. Kwahiyo chochote ulichompa siku ya sita, iwe siki, iwe majivu, iwe ile antibayotiki ya njano, kitapewa sifa. Waliokufa hawahesabiwi kwenye hizo hadithi.

Mama mtulize kwa heshima. Hawa koksidia wa kuku ni wa kuku tu, binadamu hawampati, wala mbuzi wako hatawapata, wala bata mzinga, kila mnyama ana wa kwake. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakitoka bandani, hilo ni la siku zote kwa sababu ya bakteria wengine, sio kwa sababu ya huu ugonjwa. Mayai ya wale wakubwa mle bila wasiwasi, almradi hawajanywa maji ya dawa. Waliokufa na wanaoumwa usimpe mtu ale hata kama wananona, na yeyote aliyepewa dawa asichinjwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ziishe, za toltrazurili ni zaidi ya wiki mbili.

Watakaopona watataga, wengi wao. Utumbo wa kifaranga unajijenga upya haraka kuliko unavyodhani, na aina ya koksidia iliyompitia haitamsumbua tena kirahisi, ingawa nyingine zile sita bado hazijamjua. Wapime baada ya wiki tatu nne, ambao wamebaki wadogo sana, wamepauka upanga wa kichwani na miguu, wenzao wamewapita karibu mara mbili, hao utumbo wao umebaki na makovu, watakula chakula na hawatakulipa. Watoe. Waliokaribiana na wenzao wanaweza kuchelewa kidogo kuanza kutaga, wavumilie.

Kundi lijalo usiliingize kwenye hilo banda mpaka umemaliza kazi ya kulisafisha. Maranda yote nje, hata yale ya kwenye kona, kwangua sakafu mpaka ione mwanga, sugua kwa sabuni, halafu maji yanayochemka, sio ya moto, yanayochemka, kwenye nyufa na kando ya kuta. Dawa za kawaida za kuoshea mabanda na hata klorini haziui hayo mayai, yana ganda gumu sana, watu wanamwaga madumu na madumu wanaridhika na harufu. Kinachoyaweza ni joto, ukavu na amonia. Ukipata amonia ya asilimia 10 paka banda likiwa tupu, milango wazi, vaa kinga ya macho na mdomo, na usiiguse karibu na klorini hata kidogo maana zikikutana zinatoa hewa inayoua mtu. Halafu liache likauke wiki mbili kama unaweza, jua liingie. Mbolea irundike ifunike iive kwa joto lake kabla hujaipeleka shambani, na usiimwage pale vifaranga watakapokuja kuparua.

Nusu ya haya unaweza kuyafanya leo kabla jua halijazama: vyombo vya maji, magamba ya maranda, kuwatenga waliolala. Dawa nunua kesho asubuhi na mapema, soma asilimia mbele ya muuzaji kabla hujalipa, na ukiona hata kwa amproliamu vifo havijapungua siku ya tatu usiniandikie mimi, mpigie daktari aje bandani. Ukishapasua huyo kifaranga ndo uniandikie, uniambie umekuta nini kwenye ile mifuko miwili.